Mkufunzi wa Pilipili

Kabla ya kukaa mahali popote, Mkufunzi aliutazama upepo. Arusini, matangani, barazani kwetu Chake Chake alipokuja kunywa kahawa, kwanza alisimama, akaangalia makuti ya ua au pazia la mlango linavyokwenda, kisha ndipo akachagua upande wa kukaa. Wageni walidhani anatafuta kivuli. Sisi tuliomjua tulimpisha. Nusu ya umri wake aliwafundisha askari wa gereza namna ya kutumia pilipili ya kupuliza, ile ya kopo, na mwili wake ulikuwa umesahau kwamba siku nyingine ni siku za mapumziko.

Alikuwa pia na mtindo wa kufungua madirisha ya watu. Akiingia chumba kilichofungwa hakuomba ruhusa. Alinyoosha mkono akasukuma. Siku moja katika nyumba ya msiba aliyafungua yote, moshi wa ubani ukatoka wote nje, na mzee mmoja akamwambia kwa upole kwamba marehemu hana haja tena ya hewa. Mkufunzi akajibu kuwa wenye haja ya hewa ni wao waliokaa. Watu waliinamisha vichwa wasionekane wanacheka.

Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua mmoja tu. Kwa hiyo nilimjua kwanza kwa nguo zake. Mkewe, Bi Zuwena, hakukubali sare za siku ya mafunzo ziingie ndani. Zilivuliwa katika choo cha nje, zikafuliwa katika beseni la peke yake, zikaanikwa kwenye kamba ya peke yake, mbali na kanga na mashuka. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa kamba ile kama tunavyokatazwa kuchungulia kisima. Aliyeigusa kwa ubishi alikuwa kaka yangu. Akajipangusa uso, akakimbilia ndani akilia, na mama akachukua mafuta ya nazi ampake. Mkufunzi aliruka ua. Sikuwahi tena kumwona mtu mzima akiruka ua. Alimnyang'anya mama chupa ya mafuta, akamwinamisha kaka chini ya bomba, akamfungua macho kwa vidole vyake viwili, huku akimwambia, "Pepesa, baba. Pepesa. Usifikiche." Baadaye akamweleza mama kwamba mafuta huishika ile dawa ikakaa, na maji baridi mengi ndiyo huiondoa. Akamwomba radhi. Kamba ilikuwa yake.

Nyumbani kwake hakula pilipili. Hii ilikuwa dhihaka ya mtaa mzima. Bi Zuwena alipika chungu kimoja cha mchuzi kwa ajili ya watu na kibakuli kimoja kwa ajili ya "mwenye kazi yake", na muuza urojo wa pembeni mwa soko alipomwona anakuja alisogeza chupa ya pilipili upande wa pili, kwa heshima kubwa, kama mtu anayeondoa viatu mlangoni. Mkufunzi alikunywa urojo wake mweupe. Alisema tu kwamba kila mtu ana kiasi chake, na chake kimetimia.

Kiasi hicho kilitimia kwa sababu ya mwenendo wake wa kufundisha. Kila kundi jipya la askari lilipofika kwenye uwanja wa gereza, hakuna aliyekabidhiwa kopo kabla ya kupuliziwa yeye mwenyewe, na wa kwanza kupuliziwa alikuwa Mkufunzi. Alivua kofia, akakabidhi kopo kwa askari mgeni kuliko wote, akasimama umbali anaoutaka, akamwambia apulize mara moja, kwa muda mfupi, usawa wa nyusi. Kisha alifundisha akiwa kipofu. Machozi na kamasi zinamtiririka, sauti imekwaruza, anawaambia: msipulize ndani ya chumba kisicho na hewa, msimpulizie mwenye pumu, mkishampulizia mtu msimlaze kifudifudi, mkalisheni, mtoeni nje, mwambieni kuwa itapita. Na neno lililokuwa lake hasa, alilolirudia mpaka askari wakawa wanaliimba kwa mzaha wanapokunywa chai: anayepuliza ndiye anayeosha. Si mwenzake wa zamu, si mganga wa gereza. Mkono uliobonyeza kopo ndio utakaoshika ndoo.

Kwa hiyo walifundishwa wawili wawili, na kazi ngumu kwao haikuwa kupuliziwa. Kaka yangu alipojiunga na kazi ile, alirudi siku ya mafunzo macho yamevimba, akanisimulia kwamba moto ule unavumilika. Aibu ni kushikwa kidevu na mwanamume mwenzio, ukaoshwa uso kama mtoto mchanga, na yeye anakwambia pole. Wengine walicheka kwa kutahayari. Mkufunzi aliwaacha wacheke, kisha akawaambia wakumbuke walivyojisikia, maana mfungwa atajisikia hivyo hivyo, na yeye hana ruhusa ya kucheka.

Jioni za siku hizo alikwenda kuswali magharibi macho mekundu, machozi hayajakauka. Wazee wa msikiti waliona unyenyekevu. Walisema mtu yule ana moyo laini, akisikia Qurani hulia. Sifa ikaenea mpaka mitaa mingine. Mkufunzi hakuikanusha. Nilipokuwa mkubwa kiasi cha kuthubutu, nikamuuliza kwa nini hawaambii. Alizungusha kikombe cha kahawa, akasema kwamba mara ya kwanza aliona haya kuwasahihisha wazee, na mara ya pili akaona haya kwa kuwa hakuwasahihisha mara ya kwanza, na tangu hapo amekuwa akilipa kwa kukaa safu ya nyuma.

Nisimfanye mtakatifu. Mkufunzi aliipenda dawa ile. Alilitetea kopo lake kama mtu anavyomtetea mwanawe. Shehe wa msikiti wetu alimuuliza barazani, mbele ya watu, ni haki gani kumfunga mtu kisha ukamtia pilipili machoni. Mkufunzi alipandwa na hamaki. Akamwambia shehe kwamba yeye alianza kazi wakati wa rungu, ameona mikono iliyovunjika ikaunga kombo, ameona mtu aliyepigwa kisogoni akasahau jina la mwanawe. Pilipili inawaka, inapita, mtu anarudi alivyokuwa. Akasema hivyo mara mbili: anarudi alivyokuwa. Alikuwa na hakika. Akimwona askari ana hasira alimwambia ampe mwenzake kopo kwanza, ndipo aendelee kukasirika. Aliamini kwamba ukali ukifundishwa vizuri unaweza kuwa safi, na mimi, niliyekuwa kijana wa vitabu, nilimwamini, kwa sababu niliona jinsi alivyomwosha kaka yangu chini ya bomba.

Kulikuwa na mwezi mmoja asiofundisha. Ramadhani ikiandama, makopo ya mafunzo yalifungiwa stoo. Aliona si adabu kuwapulizia watu waliofunga. Dawa inaingia mdomoni, pua zinachuruzika, maji ya kuosha yanakwenda kila mahali, na nani atajua funga ya nani imebaki. Wakubwa zake walikubali, askari walishukuru, na hakuna aliyeona kasoro yoyote katika jambo jema kama lile. Miaka ikapita.

Kisha Ramadhani moja, mchana, kijana mmoja wa Mgogoni aliyefungwa kwa magendo ya karafuu alipata habari kwamba mama yake amefariki na maziko ni alasiri. Aliomba apelekwe kuzika. Akajibiwa kwamba ruhusa imeombwa, asubiri. Adhuhuri ikapita, ruhusa haikuja, na kijana akaanza kuupiga mlango kwa bega. Aliyekuwa zamu ni kaka yangu. Alimwambia anyamaze, hakunyamaza. Akafungua tundu la mlango, akaingiza mkono, akapuliza ndani ya chumba kilichofungwa.

Hilo peke yake lilikuwa kosa ambalo Mkufunzi alikuwa amewakataza tangu siku ya kwanza. Lakini lililofuata ndilo lililotuharibia. Walimtoa nje, wakamkalisha, kaka yangu akaja na ndoo kama alivyofundishwa. Kijana akafumba midomo, akageuza uso. Akasema kwa ishara kwamba amefunga. Hakutaka maji yaingie puani wala mdomoni. Kaka akasimama na ndoo yake. Wenzake wakashauriana, watu wazima wenye swala zao na funga zao, na wakaona kwamba kumlazimisha mtu maji mchana wa Ramadhani ni dhambi. Wakakubaliana wamwache amalize funga yake, wamwoshe wakati wa futari. Wakamrudisha ndani. Na kijana yule, pale alipokaa mpaka jua likazama, alifikicha macho kwa mikono yenye dawa ileile.

Mkufunzi hakuwa zamu. Alikuwa nyumbani, tende zipo mbele yake kwenye sahani, alipokuja askari mmoja kwa pikipiki. Bi Zuwena aliniambia kwamba ile tende ya kwanza aliirudisha kwenye sahani ikiwa imeshagusa mdomo. Alikwenda, akamwosha yule kijana mwenyewe, akampeleka hospitali mwenyewe, akakaa naye. Jicho moja lilipona. La pili lilibaki na chamba cheupe, kama tone la tui lililogandia.

Kesho yake alikwenda kwa shehe, yule yule aliyewahi kumhamakia, akamuuliza. Shehe akamjibu bila kufungua kitabu: maji ya kujiosha hayamfunguzi mtu asipoyameza, na aliye katika madhara hata akifungua analipa siku nyingine. Basi. Jawabu fupi ambalo lingeweza kusemwa uwanjani mwaka wowote kati ya miaka ile yote. Shehe alinisimulia kwamba Mkufunzi alisema "alhamdulillahi", akainuka, akakosea viatu, akaenda zake na viatu vya mtu mwingine.

Kaka yangu alipewa onyo, akahamishiwa Unguja kwa muda, akarudishwa. Nyumbani alisema sentensi moja tu, na anaisema mpaka leo: "Maji alikataa mwenyewe." Ni kweli, na ndiyo maana inatutia aibu zaidi. Mama huitikia, baba hutoka nje. Mimi nimeandika kurasa nyingi juu ya haki na wanyonge, watu wa mjini wamenipigia makofi, na katika nyumba yetu wenyewe hatujapata hata siku moja jibu la sentensi ile.

Mkufunzi alistaafu. Hakukaa tena barazani kwetu. Alipita, akasalimu, akaenda. Aliacha kusema kwamba pilipili inapita. Nilimsikia mtu akimtania kuhusu urojo wake mweupe, akatabasamu kwa adabu kama mgeni asiyeelewa lugha. Ilipofika zamu yake ya kwenda Hija, akafanya kama wanavyofanya mahujaji wote, akazunguka kwa watu kutaka radhi. Alifika kwa muuza urojo. Alifika kwa Mhindi wa duka la vitambaa, ambaye alimwambia kwamba amemsamehe kila kitu isipokuwa kubembeleza bei. Aliwaeleza hata wazee wa msikiti kuhusu yale machozi ya magharibi, na wazee wakamwambia kwamba hata hivyo yalikuwa machozi.

Mwisho akaja kwetu. Alitaka kwenda Mgogoni, kwa yule kijana aliyekwisha kutoka gerezani, na alitaka kaka yangu afuatane naye. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. Mama akamwambia kaka ametoka. Kaka alikuwa chumba cha uani, na tukiwa wote tumesimama pale alikohoa. Mama aliangalia sakafu. Mkufunzi akangoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kukumbuka jambo, kisha akasema, "Haidhuru, dada yangu. Akirudi mwambie nilipita." Mama yangu haachi swala hata moja. Alikwenda jikoni akawasha jiko lisilokuwa na cha kupika.

Nilitoa pikipiki yangu.

Tukaenda hadi Mgogoni. Tulimkuta yule kijana nyuma ya nyumba, anapalilia muhogo. Aliposikia salamu alilaza jembe chini, akageuza kichwa upande kidogo ili jicho zima litangulie.

"Afande," alisema. "Waambaje?"

"Kwema. Usiniite afande tena, n'shastaafu."

Alituletea mkeka, akakatisha kazi ya mkewe ili tupate maji ya kunywa. Mkufunzi hakukaa. Wala hakuutazama upepo. Akasema, "Nakwenda Makka, Mungu akijaalia. Nimekuja kutaka radhi kwako."

"Radhi ya nini? Weye siku ile hukuwepo. Ulikuja magharibi ukanikosha."

"Mie ndiye niliyewafundisha."

Kijana alifikiri. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu kulitazama. "Uliwafundisha wao," alisema. "Mie hukunifundisha."

Mkufunzi akainua uso kumtazama.

"Mie sikujua kama maji yale hayanifunguzi. Mama kafa, kumzika sikumzika. Nikasema basi angalau funga yangu ya leo isiharibike, niwe na kitu cha kumpa. Angalinambia mtu mmoja tu, hata mfungwa mwenzangu, ningalikubali maji. Lakini kule ndani hakuna aliyejua. Mlitupulizia sisi, mkafundishana nyinyi."

Nilimwona Mkufunzi akilipokea neno lile. Katika maisha yake alikuwa amesimama mbele ya makopo mengi, na kila mara alisimama wima. Sasa alishika kiguzo cha banda. Makundi yote yale ya askari aliyowaambia wapepese, wasifikiche, wakubali maji, kumbe nyuma ya ukuta wa uwanja ule ule walikuwapo watu wenye haja zaidi ya kuambiwa, na hakuna siku aliyowageukia.

"Kweli," alisema. "Hilo sikulifikiri. Wallahi sikulifikiri."

"N'shakusamehe, mzee wangu. Nenda ukahiji, Mungu akutakabalie. N'shakusamehe zamani, toka usiku ule." Kijana aliinama akang'oa gugu moja karibu na mguu wake. "Yule mwengine ndiye sijamsamehe. Si kwa kinyongo. Sijamwona. Niliona mkono na kopo pale tunduni, kisha nisione kitu tena. Nikenda Chake sokoni, kila kijana mrefu anonipisha njia najiuliza, ni huyu?"

Nikamwambia mimi ni ndugu yake. Nikaanza kusema maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani, mazuri, yenye mpangilio. Alinizuia kwa kiganja.

"Hapana. Weye hujanikosea kitu. Mwambie aje mwenyewe, simli." Kisha akasogea hatua. "Mnafanana?"

"Watu husema tunafanana."

"Basi simama pale penye jua, nikutazame."

Nikaenda nikasimama katikati ya matuta ya muhogo. Akaja karibu, kichwa amekiinamisha upande, akaanza kuniangalia: paji, nyusi, pua, taya. Hakuwa na haraka. Nilitaka kuficha uso na sikujua niufiche wapi, maana haukuwa wangu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, hajui alilete au arudi.

Hapo nikasikia nyayo. Mkufunzi alikuwa ameacha kiguzo. Alikuja mpaka ubavuni pangu, akavua kofia yake ya vitobo, akasimama kama nilivyosimama.

"Na mie niangalie," alisema.

"Weye nakujua, mzee wangu. N'shakusamehe."

"Najua. Niangalie tu."

Kijana akamgeuzia uso. Akatuangalia mmoja baada ya mwingine, polepole, kwa lile jicho lake moja, na jua likituchoma utosini, na hakuna kati yetu sisi wawili aliyeinamisha kichwa mpaka alipomaliza.